Mayai ya Dirishani

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa, nanyi mlioko nyuma!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Wakubwa wapisheni wadogo, wadogo acheni kupigana viwiko. Na wewe hapo, ndiyo, wewe mwenye shavu limevimba, hicho unachotafuna kimetoka wapi?

— Dukani!

Dukani. Sawa. Kitafune polepole, maana nitakuuliza tena.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikula pamoja, palikuwa na bonde likiitwa Kinyasi. Katikati ya bonde palikuwa na jiwe kubwa, bapa. Jua likifika utosini, wanyama wote walikuja kula kwenye jiwe hilo. Ngiri alileta mizizi aliyoichimba. Bi Kima alileta matunda. Kenge alileta samaki wa mtoni. Kila kitu kiliwekwa katikati. Lakini hakuna aliyegusa! Mate yakutoke, tumbo lingurume, ngru, ngru, hugusi. Kwanza uimbwe wimbo wa kutaja. Bi Kima alikuwa ndiye mwimbishaji, kwa kuwa ni mtu mzima na sauti yake ilikuwa kali. Waliimba hivi:

Kimetoka wapi, kimetoka wapi?

Na aliyeleta alijibu:

Kimetoka mtoni, kimetoka mtoni!

Kakitoa nani, kakitoa nani?

Kakitoa Kenge, kwa mkono wake!

Basi tule, tule, tule!

Hapo ndipo walipokula. Chakula kisicho na wa kukitaja kilitupwa kichuguuni, mchwa wamalizane nacho. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Kinyasi, na mimi nasema ilikuwa desturi nzuri kuliko nyingi za kwetu.

Sasa, katika bonde hilo alikaa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwili mdogo, mkia mrefu, pua haitulii. Nguchiro alipenda mayai. Alipenda mayai, alipenda mayai! Ukitamka yai tu, masikio yalisimama.

Jirani yake alikuwa Kwale. Kwale wote wana shingo za kahawia, lakini huyu shingo yake ilikuwa nyekundu yenye vidoa vyeupe, mmoja tu bonde zima. Hawa wawili walipatana. Kwale akitaga mayai kumi, manane ni ya kuatamia, mawili ya pembeni ni ya Nguchiro. Nguchiro naye alilala mlangoni pa kiota, nyoka asipite.

"Jirani, yako ni haya mawili."

"Ahsante, jirani. Lala salama, mimi nipo."

Na kila alfajiri Kwale alipanda juu ya kichuguu, akakaza shingo, akaita: "Kwarara! Kwarara! Kumekucha!" Bonde zima likaamka.

Basi. Katika Kinyasi alikuwako pia Fisi. Fisi hakuna aliyemwamkia. Akipita, wanyama walitazama pembeni. Jambo hilo lilimuuma Fisi, likamuuma sana, na badala ya kujirekebisha akaenda kujenga banda. Banda kubwa! Refu! La udongo, juu ya kilima, upande wa mbele halina upenyo ila dirisha moja dogo, chini kabisa. Chini ya dirisha akachimba mfereji unaoteremka mpaka kwenye jiwe la kulia.

Siku moja adhuhuri wanyama wamekaa, mara wakasikia: gulu! gulu! gulu! gulu! Wakageuka. Mayai! Yanaviringika kwenye mfereji. Kumi, ishirini, mfereji umejaa! Yakaja yakatua katikati ya jiwe.

Nguchiro nusura azimie.

Lakini desturi ni desturi. Bi Kima akaimbisha: "Kimetoka wapi, kimetoka wapi?"

Fisi akajitokeza, amejipaka mafuta, anatabasamu. Akajibu:

"Kimetoka dirishani, kimetoka dirishani!"

"Kakitoa nani, kakitoa nani?"

"Kakitoa Dirisha, kwa mkono wake!"

Wanyama wakaangua kicheko. Dirisha lina mkono! Huyu Fisi ana maneno! Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wakiwa bado wanacheka wakaanza kula.

— Hawakuuliza tena?

Hawakuuliza. Wimbo ulikuwa umejibiwa, maswali yote mawili. Wakajiona wametimiza desturi. Na nyinyi msiwacheke sana.

Fisi akasema, "Ndugu zangu, mayai haya ni ya kila siku. Mimi sitaki makubwa. Kila nyumba ilete kikapu kimoja cha mtama mlango wa nyuma. Na mkiniona, mniamkie."

"Shikamoo, Bwana Fisi!"

"Marahabaa!"

Ee, Fisi alivyoipenda hiyo marahabaa! Aliivuta kama anatafuna mua.

Siku zikaenda. Mayai kila siku, gulu, gulu, gulu. Ngiri akaacha kuchimba. Bi Kima akaacha kupanda miti. Kenge akasahau mto uko upande gani. Na Nguchiro? Nguchiro alikula yai la kwanza, la pili, la tano, la kumi. Yalikuwa na maganda mepesi na ladha ya maji, lakini yalikuwa mengi. Tumbo lake likaburuzika chini, sururu, sururu. Siku moja alitaka kuingia shimoni mwake, kichwa kikapita, makalio yakabaki nje. Ngiri akamvuta kwa mkia.

Kulinda kiota je? Alinde nini, na mayai yanamfuata mwenyewe!

Kwale akamwendea. "Jirani, mbona huji? Jana nyoka kifutu alipita karibu na wanangu."

Nguchiro amelala chali. "Kesho, jirani."

Kesho yake Kwale akaja tena. "Jirani, kifutu amerudi."

"Kesho, jirani. Leo nimeshiba mno."

Siku ya tatu Kwale hakuja. Nguchiro hakushtuka. Alipomwuliza Fisi, kwa kupitisha maneno tu, Fisi akasema, "Kwale? Kwale wote wamehamia ng'ambo ya mto. Huko nyasi ni ndefu. Wanakusalimu." Nguchiro akasema, "Vyema," akaokota yai jingine.

Alfajiri haikuitwa tena katika Kinyasi. Hakuna aliyegundua. Walikuwa wanalala mpaka jua la saa nne.

Miezi mitatu ikapita. Siku hiyo adhuhuri wimbo umeimbwa, Dirisha limetajwa, kila mtu ameshika lake. Nguchiro akaokota yai, akalipeleka mdomoni, ulimi ukagusa kitu. Akatema. Akatazama.

Unyoya. Unyoya mdogo wa shingoni. Mwekundu, una kidoa cheupe.

Bonde zima shingo hiyo ni ya mmoja tu. Na huyo mmoja si ameambiwa yuko ng'ambo ya mto, anakula nyasi ndefu?

Akasimama. "Bwana Fisi, shikamoo. Kimetoka wapi?"

"Marahabaa. Kimetoka dirishani."

"Na dirishani, kimetoka wapi?"

Kenge akaacha kumeza. Bi Kima akamkata jicho. "Nguchiro, wimbo una maswali mawili. Usituongezee la tatu. Watu wana njaa."

Fisi akacheka, heh-heh-heh, lakini macho yake hayakucheka. "Kula, mwanangu," akasema. "Yanapoa."

Yai bichi linapoa? Ndivyo alivyosema.

Nguchiro akaliweka chini. Akapanda kilima, sururu, sururu, mpaka dirishani. Akaingiza kichwa. Kichwa kikapita, mabega yakakwama. Alikuwa amenenepa mno. Mayai yenyewe ya dirisha lile ndiyo yaliyomziba njia! Nguchiro akaona aibu, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akasema, "Sili yai tena mpaka nipite."

Siku ya kwanza akakaa kando ya mfereji. Mayai yakampita puani, gulu, gulu. Tumbo likasema, moja tu. Nguchiro akafumba macho.

Siku ya pili tumbo halikusema, lilipiga kelele. Mate yakamtiririka mpaka kifuani. Nguchiro akauma mkia wake mwenyewe, akavumilia. Alichimba mende wawili na jongoo mmoja chini ya gogo, kama zamani. Kucha zilimuuma.

Siku ya tatu akachimba tena. Kucha hazikuuma sana.

Siku ya nne adhuhuri, baada ya chakula, Fisi amelala mlango wa nyuma, juu ya magunia yake ya mtama, hroo! hroo! Nguchiro akaingiza kichwa dirishani. Kichwa kikapita. Akatoa pumzi yote, mabega yakapita. Akajinyonga, akajikunja, fyuu! Yumo ndani.

Jamani.

Ndani mna moto. Moto katikati ya banda, unawaka usiku na mchana, hauzimwi, ili ndege wasijue giza na wasipumzike kutaga. Moshi unauma macho. Kuta zote, ila ule wa dirisha, zimejaa vitundu vya fito, juu, chini, kushoto, kulia. Katika kila kitundu kwale mmoja. Hawezi kugeuka. Hawezi kunyoosha bawa. Miguu haigusi udongo, imekanyaga fito tu, na kucha zimepinda. Midomo imekatwa ncha. Mbele yao mtama. Nguchiro akautazama mtama ule, akautambua. Ulikuwa wa nyumba zao, vikapu walivyoleta wenyewe.

Akatafuta, akatafuta, mpaka akaiona shingo nyekundu. Manyoya yamepukutika nusu.

"Jirani," akanong'ona.

Kwale akafumbua jicho moja. "Ni nani?"

"Mimi. Nguchiro."

"Umekuja kula?"

Nguchiro akasema, "Nimekwisha kula. Nimekula miezi mitatu bila kukuomba. Na uliponiita nikulinde, nikasema kesho."

Kwale akafumbua jicho la pili.

"Ulifikaje humu?" Nguchiro akauliza.

"Kwa miguu yangu. Fisi alisema kwake hakuna nyoka. Kweli, hakuna."

"Mbona huiti? Ungeita tungesikia!"

"Mimi huita alfajiri, jirani. Humu hamna alfajiri. Humu ni mchana tu. Nitaita nini?"

Nguchiro akalia. Alilia machozi ya kweli.

Kwale akasema, "Usilie, hakuna nafasi. Asiyetaga siku tatu, Fisi humtoa jioni kwa mlango wa nyuma, na hatumwoni tena. Mimi sijataga siku mbili. Kesho ni ya tatu."

Nguchiro akauma fito. Zilikuwa ngumu, za mgunga. Akauma mpaka ufizi ukatoka damu. Fito hazikuvunjika. Akasema, "Sikiliza. Kesho adhuhuri mtasikia wimbo kwa mbali. Mkisikia maswali, msimwache Fisi ajibu. Jibuni nyinyi. Mnaweza?"

"Sauti zimekauka."

"Jaribuni."

"Tutajaribu."

Akatoka, mbio mpaka kwa Ngiri. "Ngiri, ndugu yangu, nimeingia bandani!" Akamweleza yote. Ngiri akaziba masikio. "Usinichafulie tumbo, Nguchiro. Nikijua nitakulaje?" Akaenda kwa Kenge. Kenge akajifanya amelala. Akaenda kwa Bi Kima. Bi Kima akasema, "Mimi nilisikia Dirisha. Hayo mengine hayamo katika wimbo."

Kesho ikafika. Jua likapanda. Wanyama wakakaa kwenye jiwe. Gulu! gulu! gulu! Mayai yakateremka. Nguchiro yuko mbele, masikio yameelekea kilimani. Maana ikishindikana leo, jioni Kwale hayupo.

Bi Kima akaimbisha: "Kimetoka wapi, kimetoka wapi?"

Fisi akafungua kinywa. Kabla hajatoa sauti, kilimani ikatoka sauti nyembamba, imekwaruza:

"Kimetoka kwangu, kimetoka kwangu!"

Jii!

Bi Kima akageukia kilima. Lakini mwimbishaji ni mwimbishaji, wimbo ukianza haukatwi. Akaimba tena, polepole: "Kakitoa nani... kakitoa nani?"

"Kakitoa Kwale wa Kinyasi! Hakutoa kwa hiari yake!"

Na sauti nyingine: "Kakitoa Kwale wa Mtoni! Hakutoa kwa hiari yake!"

Na nyingine! Na nyingine! Mia! Mia mbili! Kila mmoja anajitaja, anataja nyumbani kwake, anasema hakutoa kwa hiari yake. Sauti zikamiminika kutoka dirishani, zikateremka na mfereji, zikajaa juu ya jiwe.

Fisi akasema, "Upepo huo! Upepo!"

Kenge alikuwa na yai mdomoni. Akalitema, pwaa! Ngiri akalitazama yai lake, akamtazama Fisi. Akasema, "Upepo hauna kwao, Bwana Fisi. Huyu amejitaja. Ni jirani yangu, na mimi nimekula jasho lake miezi mitatu."

"Sasa mtakula nini?" Fisi akapaza sauti. "Nani atawalisha? Mmesahau kuchimba! Mmesahau kupanda! Bila dirisha langu mtakufa njaa wote!"

Hapo wanyama wakasitasita. Ilikuwa kweli wamesahau. Matumbo yao yaliwakumbusha hapohapo.

Nguchiro akapanda juu ya jiwe. Akasimama kwa miguu miwili. "Nitazameni! Siku nne sijala yai. Nimekula mende, nimekula jongoo. Nimekonda? Nimekonda. Nimekufa? Niko hapa! Kucha zinakumbuka kuchimba. Zikiuma siku ya kwanza, siku ya tatu zinakumbuka!"

Ngiri akapiga kwato chini. "Kabla hujajenga nilikuwa nakula, Fisi. Nipishe!"

Akapanda kilima. Vumbi! Kenge nyuma, Bi Kima nyuma, bonde zima nyuma. Ngiri akazamisha meno yake marefu kwenye ukuta wa dirisha, gubu! gubu! gubu! Kenge akapiga kwa mkia, chwapa! Ukuta ukapasuka, ukapinda, ukaanguka, puuu! Udongo ukaufunika moto, moto ukazima. Bi Kima akaruka juu ya vitundu na vidole vyake virefu, akafungua kamba, moja, moja, moja, na kila kamba aliimba, "Kakitoa nani? Toka, mwenyewe, toka!"

Fisi akasimama njiani, akangoja mtu amwamkie. Wakampita. Akamsogelea Kenge, Kenge akampita. Hakuna shikamoo, hakuna hata jicho. Fisi akakunja mkia, akashuka upande wa pili wa kilima. Mpaka leo anatembea kiuno chini, anacheka peke yake.

Kwale wakatoka. Wengine hawakuweza kutembea, Ngiri akawabeba mgongoni. Walipokanyaga udongo walipiga kelele kwa furaha. Yule wa shingo nyekundu akapepesa macho, akatazama juu.

"Jirani, sasa ni saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Basi nitangoja," akasema.

Hakufumba jicho. Akangoja mchana, akangoja jioni, akaliona giza, akalishukuru. Na nyota zilipoanza kufifia, akajikokota mpaka kichuguu chake cha zamani. Akapanda. Akakaza shingo ile iliyopukutika.

"Kwarara! Kwarara! Kumekuchaaa!"

Lo! Kinyasi nzima ikaruka! Ngiri akaruka, Kenge akaruka, Bi Kima akapiga vigelegele, li-li-li-li! Kwale wote mia mbili wakaitikia, kila kichuguu, kila kichaka, kwarara, kwarara, mpaka milima ikaitikia. Nguchiro akacheza ngoma peke yake kwenye umande. Walimbeba Bi Kima juu juu, akawafinya wamshushe, wakakataa.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, siwadanganyi. Ngiri alichimba akatoka na mawe. Bi Kima alianguka mtini mara mbili, na aliyecheka alimkoma. Lakini wiki haikuisha, jiwe likajaa tena mizizi, matunda na samaki. Matumbo yakarudi mahali pake. Nguchiro akaingia shimoni mwake bila kuvutwa mkia.

Na mayai? Nguchiro hakuomba hata moja. Msimu mzima alilala mlangoni kwa Kwale, kifutu akaja, akamwona, akarudi mbio. Malipo hakutaka. Mpaka siku moja Kwale akamwita.

"Jirani, njoo. Nimetaga kumi. Yako ni haya mawili ya pembeni."

Nguchiro akasimama mbali. "Kimetoka wapi?" akauliza taratibu.

"Kimetoka kwangu."

"Kakitoa nani?"

"Kakitoa Kwale. Kwa hiari yake."

Nguchiro akachukua moja. Moja tu, jingine akalirudisha chini ya bawa. Lile lake lilikuwa na ganda gumu na kiini cha rangi ya jua. Alilila kidogo kidogo mpaka jua likapanda, na aliniambia mimi mwenyewe kwamba hajapata kula kitu kitamu kama kile.

Tangu siku hiyo wimbo wa Kinyasi una swali la tatu: Na huko, kimetoka wapi? Wimbo haukubali mpaka jibu lifike kwa mwenye jina, na mwenye jina awe ametoa kwa hiari yake.

Nawaambieni wazi, wakubwa na wadogo: usile chakula kwa sababu tu ni kingi na kimekujia chenyewe. Uliza kimetoka wapi, uliza nani kakitoa na anaishije, na jibu la kwanza lisikutoshe. Na ukijua, ubadilike.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye kichuguu cha Kwale. Aliyesikia amesikia.

Sasa wewe, mwenye shavu. Ulisema kimetoka wapi?

— Dukani.

Na dukani, kimetoka wapi?

Umeacha kutafuna.

Haya. Usitazame chini, hujakosa. Kesho asubuhi vaeni viatu, tunakwenda wote kuuliza.